Maji Yakichemka Hunyamaza

Kila asubuhi, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, Kinanda aliingia chooni na ndoo, brashi ya mpini mrefu na sabuni ya unga ndani ya kopo la maziwa, akaanza kuimba. Alikuwa msafishaji wa gesti iliyokuwa juu ya kilima, na vyoo ndivyo vilivyokuwa kazi yake ya kwanza. Watu walimpa jina la Kinanda kwa kuwa hakuwahi kusugua kitu akiwa kimya. Mwenyewe alisema ukifumba mdomo chooni, harufu inapata nafasi ya kukuzoea. Akimaliza vyoo alifua mashuka, akayaanika uani, na mchana akasimama kwenye kibanda cha pasi, akiimba vilevile mpaka jua lilipopunguza makali.

Asubuhi hizohizo, chini ya kilima, mtungi wa mama mkwe wake uliimba wimbo uleule kwa sauti ileile, na kwa nyuma brashi ilisikika ikikwaruza.

Hakuna aliyeshangaa. Mitungi ya kijiji kile ilikuwa imeanza kusema tangu msimu ambao gesti iliongezewa vyumba vya nyuma, ingawa wakati huo hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Maji yalitoka kwenye chemchemi miguuni pa kilima, yakaingia kwenye tangi la saruji, watu wakakinga bombani. Bombani yalikuwa kimya. Kichwani, ndani ya ndoo, yalikuwa kimya. Yakishamiminwa mtungini na kutulia, ndipo yaliposema. Mtu alikohoa. Mtu alisukutua. Bwana mmoja alimwambia mkewe kwa simu kwamba basi limeharibika, yuko porini, asimsubiri. Mwingine aliguna sana kila alfajiri na kila jioni, tena kwa kujikaza kweli, na kijiji kikakata shauri kwamba huyo ni mbeba mizigo, kikamwonea huruma.

Maji kusema, hilo lilizoeleka upesi. Kilichowanyima watu raha ni swali jingine: kama maneno ya kilimani yanashuka mpaka kwetu, ya kwetu je, yanakwenda kwa nani? Basi watu wakaanza kunong'ona karibu na mitungi. Fundi seremala aliuhamishia mtungi wake nje ndipo agombane na mkewe. Mama wa cherehani aliufunika wake kwa blanketi. Ukienda kwa jirani kuomba moto, ukamkuta ameinamia mtungi, alishtuka na kujifanya anatafuta kata. Na wewe ulirudi nyumbani ukijiuliza, alikuwa ananisikiliza mimi huyu?

Kisha matumbo yakaanza. Watoto waliharisha, wakatapika, wakalegea. Mama wa cherehani alimzika wa kwake aliyekuwa bado hajajua kutembea, na tangu siku ile akaacha kumsalimia mke wa seremala, kwa sababu huyo ndiye mtu wa mwisho kumpakata mtoto. Mke wa seremala naye akasema, ala, mimi nimefanya nini? Watoto wakavishwa kofia za kuwakinga na jicho baya na kukatazwa kula kwa watu. Kila mlango ulikuwa na jicho nyuma yake.

Chiriku, binti wa Kinanda, aliumwa mahindi yalipoanza kubeba. Alikuwa mtoto wa maneno, ndiyo maana ya jina lake. Angeweza kugombana na kuku mpaka kuku akaondoka. Baba yake, dereva wa trekta, alikuwa mashamba ya mbali mpaka mavuno yaishe, kwa hiyo mtoto alishinda na bibi yake. Siku ile Kinanda alirudi kutoka kazini akamkuta amelala kwenye mkeka, macho yamezama, na hana hata neno moja la kumwambia kuku aliyesimama kichwani pake. Kinanda alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati akikimbia.

Nesi alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaangalia inavyochelewa kurudi.

"Maji yenu yanasema?" aliuliza.

"Yanasema."

"Basi hamchemshi. Maji yakichemka hunyamaza." Aliyatamka hayo kama mtu anayekutajia saa. Akampa pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, akamwonyesha kipimo, na kumwambia asimpe mtoto hata tone la maji yanayopiga kelele.

Kinanda alimweleza mama mkwe wake neno kwa neno. Mama mkwe alisikiliza huku akichambua maharage, akasema sawa, mwanangu, kuchemsha si kazi, kuni ziko. Chiriku akapata nafuu. Alimtukana kuku kidogo. Halafu akaharisha tena, zaidi ya mwanzo.

"Mama, unachemsha?"

"Nachemsha."

"Kila mara?"

"Kwani mimi nimekuwa mtoto?"

Hapo ndipo shaka ilipoingia ndani ya nyumba na kuketi katikati yao. Kinanda alirudi kutoka kazini akapitia jikoni kwanza, akakagua kuni, akainusa sufuria. Mama mkwe aliliona hilo. Yeye naye alikuwa na shaka zake. Jioni moja Kinanda aliponyoosha mikono amchukue mtoto, bibi alimrudisha mtoto kifuani.

"Nawa kwanza. Kwa majivu."

"Nimenawa kazini, Mama."

"Kazini kwenyewe ndiko ninakokuogopa. Hiyo mikono inashinda wapi?"

Kinanda alinawa kwa majivu hadi viwiko huku mama mkwe amemsimamia. Alilia nyuma ya banda la kuku, akatoka huko uso mkavu.

Asubuhi iliyofuata alitega mtego. Katika choo cha mwisho cha nyuma, alipokuwa anasugua, alitunga wimbo wa kipuuzi ambao hakuna mtu duniani aliyekuwa anaujua. Paka kavaa soksi, kaenda kuposa kwa kuku. Kuku kasema subiri, kwanza nitage. Akauimba mara moja tu, kisha akarudia nyimbo zake za siku zote. Siku nzima hakujua anaomba nini. Mtego ukinasa, mama mkwe ni mwongo. Usiponasa, mkosaji ni mikono yake mwenyewe.

Alipofika nyumbani alikuta kumetulia. Mama mkwe alikuwa anafagia uwanja. Chiriku alilala ubavu karibu kabisa na mtungi, mkono mmoja umeushika kama mtu anavyoshika nguo ya mama yake sokoni. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

"Kuku kasema subiri," aliimba, "kwanza nitage."

Kinanda alitua kikapu.

"Nani kakufundisha huo?"

"Wewe. Mtungini."

Mama mkwe aliacha kufagia. Alikuja akasimama mlangoni, ufagio mkononi. Kisha akaketi kizingitini kwa uzito, kama mtu aliyechoshwa na safari.

"Nilichemsha," alisema. "Siku za mwanzo nilichemsha kweli, haki ya mama yangu aliyenizaa. Lakini huyu mke mwenzangu akipewa yaliyochemka anayasukuma. Unajua anasemaje? Anasema hayana mama."

Kinanda alichuchumaa kando ya mtoto.

"Analia kutwa anakutaka wewe. Mimi nimfanyeje? Nikimpa ya mtungini anatulia, anaweka sikio, anakunywa, anakusikiliza. Nikasema, maji yameipenda sauti ya mkwe wangu, ubaya uko wapi? Wimbo unashuka na upepo tu." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Na mimi pia, nisikufiche. Kutwa hapa na nani? Kuna yule bwana wa basi. Juzi mkewe, kwa sauti iliyotoka nje ya simu, alimwuliza ni basi gani linaharibika tangu mwezi uliopita. Sasa mtu utachemsha vipi, ukose jibu lake?"

Kinanda alitaka kupiga kelele, na pia, Mungu amsamehe, alitaka kujua bwana yule alijibu nini. Alimnyanyua mtoto akamfunga mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu.

"Lakini na mimi nikuulize," mama mkwe alisema, kwa sababu alikuwa mtu asiyekubali kuulizwa peke yake. "Mchana ukipiga pasi, huwa huimbi? Mbona mchana hatukusikii?"

"Mchana naimba kuliko asubuhi."

"Hatukusikii. Tunakusikia asubuhi tu, na ile brashi yako."

Wakatazamana. Kinanda aliwaza kibanda cha pasi, kilichoko juu kilimani palepale, penye upepo uleule. Akawaza wale wanaosema mitungini: wanaosukutua, wanaokohoa, wanaojificha wasisikiwe wakizungumza kwa simu. Ilikuwa jioni, na saa yake ilikuwa imefika, basi ndani ya mtungi yule mbeba mizigo akaanza kuguna. Safari hii wanawake wote wawili waliitambua mizigo yake.

Mama mkwe aliinuka, akauchukua mtungi kwa mikono miwili, akaenda kuumwaga nyuma ya nyumba. Mguno wa yule bwana ulisikika mpaka tone la mwisho lilipozama ardhini.

Chiriku alilazwa zahanati na sindano ya maji mkononi, bibi yake akabaki naye. Asubuhi Kinanda alipanda kilimani kama kawaida, ila hakuanza na vyoo. Alizunguka nyuma ya vile vyumba vipya, mahali ambapo wafanyakazi hawakuwa na sababu ya kwenda. Shimo la maji machafu lilikuwa limefunikwa kwa zege jembamba, kando limetitia. Kutoka pale nyasi zilishuka mteremkoni zikiwa za kijani kibichi, zimenona, katikati ya nyasi nyingine zilizokauka. Aliufuata ule ukanda kwa macho. Uliishia kwenye tangi la saruji, mahali ambapo wanawake wa kijiji walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao.

Mwenye gesti alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji. Hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alilipenda, kwa kuwa ndiye aliyeleta saruji ya tangi.

Kinanda aliingia chooni na ndoo na brashi. Hakuimba. Aliinama, akaliambia tundu la choo kwa sauti aliyotumia kumwita mtoto aliyeko mbali:

"Msinywe. Mimi Kinanda. Haya ni maji ya vyoo vya gesti, na mimi ndiye ninayeviosha. Msinywe mpaka yachemke."

Akasugua. Akaenda choo cha pili, akasema tena vilevile. Alimaliza vyoo vyote, vya mbele na vya nyuma, kila kimoja na tangazo lake, na vilikuwa vinang'aa.

Huku chini, mitungi yote ya kijiji ilisema kwa pamoja. Seremala alikuwa ameshika kikombe, akakishusha. Mzee mmoja alikasirika kwamba anakatazwa maji nyumbani kwake na mke wa mtu. Mama wa cherehani alikaza blanketi kwenye mtungi wake, akakanyaga cherehani kwa nguvu, lakini sauti ilipita.

Jioni uliitishwa mkutano darasani. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembeni. Mwenyekiti aliketi kwenye kiti cha mwalimu. Mbele yake aliweka chupa yake ya maji, ya dukani, ambayo kizibo chake kilikuwa bado hakijakatwa. Kinanda aliiona. Aliwaona na wengine wakiiona, kisha wakiangalia dari.

Akapewa nafasi, akasema yote: nyimbo za asubuhi na nyimbo za mchana, zege lililotitia, nyasi. Alisema bila kupamba. Watu walikuwa wanamwelewa; ilionekana usoni. Seremala alishaanza kutikisa kichwa kukubali.

Ndipo mama wa cherehani aliposimama.

"Wa kwangu nilimnywesha mwenyewe," alisema. "Kwa kijiko. Alikuwa hataki, nikambana pua, nikamnywesha. Sasa wewe unataka kuniambia nini?"

Kinanda alifungua mdomo.

"Usiniambie, dada. Nakuomba. Usiniambie."

Akabaki amesimama hivyohivyo, mikono imeshika dawati. Wengi mle ndani walikuwa na kijiko chao. Seremala aliacha kutikisa kichwa. Kinanda alimwonea mama yule uchungu, akaketi.

Mwenyekiti aliacha ukimya ule uive vizuri.

"Ndugu zangu," alisema kwa upole, "shimo ni langu, maji ni yetu sote, na maneno ni ya Kinanda. Tuanze na lile lililo rahisi. Kinachowakosesha watu usingizi ni kelele. Hizo kelele niachieni mimi."

Wakampigia makofi, kwanza wachache.

Alilitimiza. Kwenye kila mlango wa choo cha gesti alibandika picha ya kidole kilichowekwa mdomoni. Wageni ni watu waelewa. Bwana wa basi alihamia kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa nje kwenda kumdanganya mkewe. Yule wa mizigo alijifunza kubana meno. Kinanda aliachishwa kazi, akaletwa dada mmoja mpole asiyependa maneno, na inasemwa alisugua vyoo akiwa na kitambaa mdomoni, kwa heshima.

Mitungi ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Watu waliinamia, wakasikiliza, wakainuka wakitabasamu. Maji yamepona, walisema. Waliyanywa kwa furaha, hata yale ya tangini moja kwa moja, na mama wa cherehani akarudisha blanketi lake kitandani. Yule mzee aliyekasirika alipendekeza Mwenyekiti aongezewe kipindi. Seremala alipata kazi nyingi msimu ule, zote za masanduku ya mbao fupi, na aliporudi nyumbani jioni hakutaka kuulizwa ametengeneza nini.

Chiriku alirudi kutoka zahanati shingo imekuwa ya kifaranga, lakini maneno yakarudi. Alidai aambiwe paka aliyevaa soksi amefikia wapi na posa yake. Kinanda sasa alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, akitoka na umande na kurudi jua limeinama. Usiku alichemsha maji mwenyewe, akayasimamia hadi yatokote, akayafunika. Lakini joto lilikuwa kali, na hakuna mtungi unaomaliza kutwa. Mchana bibi aliujaza tena. Kuni nazo zilikuwa zimeanza kuwa za kutafutwa mbali, na mgongo wa bibi haukuwa wa jana.

Siku moja alirudi akamkuta Chiriku ameketi kizingitini, amekumbatia kikombe kwa mikono miwili, amekwisha kunywa nusu. Bibi alikuwa nyuma yake, anamsuka.

"Mama, ulichemsha?"

"Nilichemsha."

Kinanda aliingia jikoni. Aligusa mafiga, yalikuwa ya moto, lakini mchana yalikuwa yameivisha maharage. Sufuria kubwa ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa, kama bibi alivyoiosha siku zote, itumike isitumike. Aliangalia kuni, akashindwa kukumbuka asubuhi zilikuwa kiasi gani. Basi akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mtungi.

Hakukuwa na kitu. Hapakuwa na kikohozi wala brashi. Maji yalikuwa yametulia kimya, kama yanavyonyamaza maji yaliyochemka. Mitungi ya kijiji kizima ilikuwa hivyohivyo.

Alikaa pale muda mrefu, shavu limepoa kwenye udongo. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa anamtazama, kitana kimesimama hewani.

"Huniamini," bibi alisema.

Kinanda alitamani kusema anamwamini. Alitafuta neno hilo kila mahali akalikosa.

Chiriku alimaliza yaliyobaki, akafuta mdomo kwa kiganja, akampa bibi yake kikombe amwongezee.